Kuendesha baiskeli nje ya lami Mwanza: soma udongo kwanza

Barabara kuu zinazotoka Mwanza, ya Musoma na ya Shinyanga, si za kufurahia ukiwa juu ya baiskeli. Mabasi yana haraka zake, malori hayakupi nafasi, na sehemu nyingi ukingo wa lami hautoshi hata upana wa usukani. Ila ukikata kona ukaingia ndani kidogo tu, kelele zinaisha. Unabaki na njia za vumbi zinazounganisha kijiji na kijiji, mashamba ya pamba, majaruba ya mpunga, mawe makubwa yaliyobebana juu ya vilima, na watu ambao wengi wao nao wako juu ya baiskeli. Kwa mtu anayependa kuendesha mbali na magari, sijaona mkoa mwingine nchini ninaoupenda kuliko huu.

Kabla ya baiskeli, tairi au nguo, zingatia hili: usipange njia kwa ramani ya simu peke yake. Panga kwa udongo na msimu. Ramani itakuonyesha mstari unaokatiza bonde na kukuambia ni kilomita 12. Haitakuambia kwamba mstari huo huo mwezi wa nane unapitika bila shida, na mwezi wa nne hata trekta halithubutu.

Nchi ya Usukuma inapanda na kushuka kwa mpangilio unaojirudia. Juu kuna kilima cha mawe ya graniti, kisha mteremko mrefu wa taratibu, kisha bonde pana, halafu kilima kingine. Wakulima wa huku wana jina la udongo wa kila ngazi, na majina hayo yana faida kwako kuliko programu yoyote ya simu. Karibu na mawe na kwenye mteremko wa juu kuna luseni, kichanga chepesi kilichotokana na graniti iliyomomonyoka. Chini yake mara nyingi unakuta itogolo, udongo mgumu wenye nyasi chache, uliojikaza chini ya tabaka jembamba la juu. Bondeni kabisa ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi mzito.

Sasa fuatilia maji. Mvua ikinyesha usiku kwenye luseni, maji yanazama haraka, na asubuhi unapita vizuri tu, pengine vizuri kuliko jana, kwa kuwa mchanga umeshikana. Kiangazi kikikolea, kichanga hicho hicho kinalegea na gurudumu la mbele linaanza kucheza. Itogolo ni kinyume chake: kikavu ndiyo raha yenyewe, unateleza kwa kasi bila kutumia nguvu, lakini kikilowa maji yanatuama juu na gurudumu linakosa mshiko. Mbuga haina huruma. Ikiwa na maji, tope linajizungushia kwenye tairi, linajaa kwenye uma hadi gurudumu linagoma, na unaishia kuibeba baiskeli iliyoongezeka uzito mara mbili. Ikikauka sana inapasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba. Ina muda wake mzuri katikati, ikiwa imekauka lakini haijapasuka sana, na watu wameshaikanyaga ikawa njia.

Kwa hiyo wakati wa mvua, yaani Novemba na Desemba, kisha Machi hadi Mei, kaa juu. Tafuta njia zinazofuata migongo ya vilima, hata kama ni ndefu. Ukiwa Kisesa, mitaa ya Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma na vilima vya jirani ni mahali pazuri pa kujifunzia. Kiangazi, Juni hadi Septemba, shuka mabondeni. Vijia vya Kwimba kati ya Sumve na Ngudu, bonde la Magogo upande wa Misungwi, na nchi tambarare kuelekea Mto Simiyu kule Magu vinakuwa wazi. Mimi mwezi wangu ni wa sita: njia zimekauka, nyasi bado zina rangi, mpunga unavunwa, na pamba inaanza kukusanywa. Baadaye kidogo malori ya pamba yanaanza kuzunguka vijijini na vumbi lake ni zito, hivyo beba kitambaa cha kufunika pua.

Mito inahitaji akili ya peke yake. Mingi ya huku ni ya msimu. Kiangazi unavuka mchanga mtupu, mvua zikija unakuta maji ya kahawia yanayokimbia. Simiyu maji yake yanatoka mbali, kuelekea Serengeti, kwa hiyo mto unaweza kujaa wakati juu yako mbingu ni safi kabisa. Ukikuta maji yanapanda, au yanabeba vijiti na povu, rudi. Hakuna safari ya baiskeli yenye thamani ya kulazimisha kuvuka.

Kwenye kijito kimoja cha Misungwi nilisimama nikitafuta pa kupita. Niliona mahali maji yametulia, nikadhani ndipo. Mzee mmoja aliyekuwa ananywesha ng'ombe akaniita.

"Kijana, hapo usipite. Pametulia kwa sababu ni shimo. Pita pale yanapopiga kelele."

"Asante sana, mzee. Na huko hakuna utelezi?"

"Huko ni kokoto. Maji yanakuishia kwenye kifundo. Tangulia na fimbo."

Alikuwa sahihi, na kanuni hiyo nimeishika hadi leo. Maji yanayochezacheza juu ya kokoto huwa mafupi na chini pagumu, yaliyonyamaza huwa na kina. Kuna sababu nyingine ya kukwepa maji yaliyotulia: kichocho. Konokono wanaobeba vimelea wake wanapenda maji yasiyokimbia na yenye majani, na vimelea hupenya kwenye ngozi yenyewe, si lazima uyanywe. Ukanda wote wa ziwa una tatizo hili. Ukivuka, vuka haraka na jikaushe vizuri. Joto la mchana litakutamanisha ujitose ziwani. Usifanye hivyo, na sehemu zenye matete fikiria pia mamba na viboko. Umelowa sana? Baada ya wiki kadhaa nenda kapime. Dawa ipo, praziquantel, na inatibu.

Kwenye kila njia ya vumbi kuna mstari mwembamba uliong'aa, upana wa kiganja hivi, unaohama kutoka kushoto kwenda kulia bila sababu unayoiona haraka. Huo umechorwa na wenye baiskeli za mizigo: anayepeleka magunia ya mkaa, madumu ya maji, kreti za soda, mama na mtoto nyuma. Mtu mwenye kilo 80 kwenye keria hana anasa ya kupita penye mchanga. Ufuate mstari huo hata pale ambapo jicho lako linakwambia upande wa pili ni laini zaidi. Wa kuhama ni wewe: ukikutana na mwenye mzigo mpishe, maana akisimama kuondoka tena ni kazi.

Kuhusu baiskeli yenyewe, si lazima uwe na ya bei kubwa. Mtumba imara yenye tairi pana inatosha. Tairi la milimita 40 au zaidi linakufaa huku, na kwa mtu wa kilo 70 jaza psi 30 hadi 40, upunguze kidogo kwenye mchanga. Kilicho muhimu kuliko gia nyingi ni kama fundi wa kijijini anaweza kukusaidia. Fundi wa chini ya mwembe ana tyubu za inchi 26 na za 28 zinazotumika kwenye Phoenix. Vipimo vya kisasa hana. Valvu nyembamba zinazokuja na baiskeli nyingi za michezo pampu yake haizishiki, na ya fundi pikipiki pia. Weka rimu na tyubu za valvu pana, ile inayofanana na ya gari, na kila senta yenye bodaboda itakuwa kituo chako cha upepo.

Pancha utapata, hilo lipo. Mbigili inatambaa chini kabisa, na kijimwiba chake kinaingia bila wewe kusikia chochote. Nilimtazama fundi mmoja wa Magu akitafuta tundu: alizamisha tyubu kwenye beseni, akaizungusha taratibu hadi vipovu vilipotoka, akatia alama kwa njiti ya kiberiti. Kisha, kabla ya kugusa solusheni, akapitisha kidole ndani ya tairi lote, inchi kwa inchi. Akatoa miiba mitatu. "Ngosha, ungeziba tundu moja ungerudi hapa baada ya dakika kumi." Fanya vivyo hivyo ukiwa peke yako porini.

Kitu kingine cha kuangalia ni minyaa. Vijia vingi vya kijijini vimepakana na uzio wake, na ukikatika hutoa utomvu mweupe. Ukiingia machoni ni hatari kwelikweli, kwa hiyo vaa miwani kwenye vichochoro, na ukishika tawi usijifute uso hadi unawe. Maeneo yaliyofungwa ya malisho, ngitili, zunguka. Yana wenyewe na yana sheria zake hata kama huoni uzio.

Jua la Mwanza linachelewa kwa zaidi ya dakika 20 ukilinganisha na Dar es Salaam, hivyo mgeni asishangae saa kumi na mbili asubuhi kukiwa bado giza. Toka na mwanga wa kwanza. Asubuhi upepo mara nyingi huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kadiri jua linavyopanda unageuka. Ukipanga uende kuelekea ziwani asubuhi na urudi bara mchana, upepo unakusukuma pande zote mbili. Maji lita 3 si mengi. Chakula usibebe cha dukani: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga mfukoni, na ukifika senta kaa chini, omba chai na kiazi. Salimia kila unayempita. "Mwangaluka" asubuhi, "mwadila" jioni, na kwa wazee shikamoo yako. Anayesalimia huelekezwa njia, tena kwa undani.

Kwa anayeanza, toka mjini kwa kivuko cha Kamanga. Unapanda katikati ya jiji na baiskeli yako, karibu nusu saa baadaye uko upande wa Sengerema bila kugusa barabara kuu hata moja. Zunguka vijiji vya karibu na ziwa na urudi kwa kivuko hicho hicho. Mwenye miguu zaidi anaweza kushuka hadi Busisi na kurudi kwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Kutoka Kigongo, ng'ambo ya daraja, kurudi mjini ni lami yenye magari, kipande hicho mimi napakia baiskeli kwenye gari.

Ukishazoea, nenda Ukerewe. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote Ziwa Victoria, magari ni machache, baiskeli ni usafiri wa kila mtu, na njia ya kutoka Nansio kwenda Bukindo, kwenye jumba la zamani la watemi, inapita kwenye mihogo na michungwa. Udongo mwingi ni kichanga, kwa hiyo nenda mara tu baada ya mvua. Lala Nansio usiku mmoja, maana meli ya Mwanza inachukua saa kadhaa. Anayetoka upande wa Bunda apite Kisorya, kivuko cha kwenda Rugezi ni kifupi. Ratiba ulizia bandarini siku moja kabla, na mjulishe mhudumu mapema kwamba una baiskeli ili aipangie mahali.