Bagi ikirekodiwa haitoroki

Maswali mengi ya wasomaji safari hii yanahusu kurekodi mwendo mzima wa mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine), kisha kuurudia mpaka chanzo cha bagi, yaani kosa la programu, kionekane. Nimejibu kwa mfano wa QEMU, programu ya kuendeshea mashine pepe, kwa kuwa ni ya bure na uwezo huu umo ndani yake tangu toleo la 2.5, Desemba 2015.

Mwalimu, shikamoo. Draiva yangu (programu ya kuendesha kifaa) inaangusha kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kwa nadra sana, na nikiongeza mistari ya kuchapisha ujumbe haiangushi tena. Kurekodi kutanisaidia nini?

Marahaba. Ile mistari inabadilisha muda: interapti (ishara ya kifaa inayomkatiza prosesa kazi) iliyokuwa ikiingia katikati ya kazi nyeti sasa inaingia kabla au baada yake, na bagi inajificha. Unaporekodi hugusi msimbo wa draiva hata kidogo. Washa mashine kwa chaguo la rr=record, iache ifanye kazi, na ikimaliza salama futa logi, yaani faili la rekodi, uanze tena. Huenda ukasubiri, maana mashine inayorekodiwa ina mwendo wake. Lakini siku kerneli ikianguka, umeshinda: kila ukirudia kwa rr=replay itaanguka kwenye elekezo (amri moja) lilelile la prosesa, leo, kesho, hata kwenye kompyuta ya mwenzako.

Logi yangu ni ndogo kuliko RAM ya mashine. Kweli kila kitu kimo?

Hakimo, wala hakihitajiki. Prosesa ikianza na hali ileile na kupokea vitu vilevile, itapiga hesabu zilezile, kwa hiyo hesabu haziandikwi. Ni kama bao: ukijua kete zilipangwaje mwanzoni, na kila mchezaji alianzia shimo lipi kuelekea upande gani, unaweza kuucheza upya mchezo mzima. Kwenye logi yanaingia yale tu yasiyotabirika: saa iliposomwa ilisema nini, kitufe gani kilibonyezwa, pakiti gani iliingia, na kila moja lilitokea baada ya maelekezo mangapi ya prosesa. Hiyo hesabu ya maelekezo ndiyo roho ya jambo zima, na ndiyo sababu chaguo la rr lenyewe limewekwa chini ya -icount, chaguo la QEMU la kuhesabu maelekezo.

Nimerekodi bila shida, lakini nikirudia mashine inakwama njiani. Nimekosea wapi?

Anza na diski. Yaliyomo kwenye diski hayaandikwi kwenye logi, kwa hiyo ikiwa rekodi ya kwanza ilibadilisha diski, marudio yanaanzia hali nyingine kabisa. Weka neno snapshot kwenye -drive, chaguo la kutaja diski, ili mabadiliko yasiguse faili asili, kisha ipitishe diski kwenye blkreplay, sehemu ya QEMU inayohakikisha jibu la diski linafika kwenye elekezo lilelile lilipofikia mara ya kwanza. Kadi ya mtandao nayo inahitaji kichujio chake, filter-replay. Mwishowe, tumia QEMU ya toleo lilelile na amri ileile. Kinachobadilika ni record kuwa replay tu.

Nasikia dibaga (programu ya kutafutia bagi) inaweza kurudi nyuma. Ni kweli?

Ni kweli, tangu toleo la 5.2 la Desemba 2020, kupitia dibaga iitwayo GDB. Hapa ndipo ninapoona thamani yote ya kazi hii. Tuseme kerneli imeanguka kwa sababu pointa fulani (kigezo kinachobeba anwani ya RAM) ina sifuri. Aliyeiandika sifuri hiyo alikwishapita zamani, na palipoanguka hapakuambii lolote juu yake. Basi simama hapo penye ajali, weka watch, amri ya kuvizia sehemu ya RAM, kwenye anwani ya ile pointa, uandike reverse-continue. Dibaga itasimama kwenye elekezo lililoandika sifuri, na mhusika utamkuta kazini.

Kwa ndani, QEMU hairudi nyuma kihalisi. Inapakia hali ya mashine iliyohifadhiwa karibu zaidi, inakwenda mbele tena kwa kufuata logi, na inakumbuka mahali pa mwisho palipogusa watch yako. Ndiyo maana lazima uwe umehifadhi angalau hali moja, kwa rrsnapshot, na zikiwa zimeachana sana utasubiri.

Inafanya kazi na KVM?

Hapana. KVM inaendesha msimbo moja kwa moja kwenye prosesa halisi; hii inataka TCG tu, njia ya QEMU ya kutafsiri maelekezo kwa programu, hivyo mashine itakuwa nzito. Tena chini ya -icount prosesa zote za mashine pepe zinakwenda kwa zamu kwenye uzi mmoja, kwa hiyo bagi inayozaliwa na prosesa mbili kugusa RAM kwa wakati mmoja hasa usiitafute huku. Kama tatizo liko kwenye programu ya kawaida ya Linux, si kwenye kerneli, tumia rr, programu nyingine ya kurekodi (si lile chaguo la QEMU), iliyoanzia Mozilla. Ni nyepesi zaidi.

Ndugu mwandishi, naweza kuitumia kuchunguza uvamizi wa seva?

Wazo hilo lina historia. ReVirt, mfumo wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliotolewa mwaka 2002, ulijengwa kwa ajili hiyo: msimamizi arudie shambulio elekezo kwa elekezo, hata kama mvamizi amefuta logi za kawaida. Kwa QEMU ifanye kwenye seva ya majaribio, maana ile ya kazi haitauvumilia uzito. Na wakati wa kurudia mtandao wa nje hauguswi, pakiti zote zinatoka kwenye logi, kwa hiyo mvamizi hatajua unamtazama. Ila logi hiyo ina kila kitufe kilichobonyezwa, nywila zikiwemo, pamoja na kila pakiti iliyoingia. Ifunge kwa usimbaji fiche kabla ya kumtumia mwenzako, na usiitupe kwenye grupu la WhatsApp ili watu wakusaidie kutafuta.