Nyanya za kitalu nyumba kuoza kitako: usikimbilie kuongeza mbolea

Mkuu, umeuliza uongeze mbolea gani kwa kuwa nyanya zako za kitalu nyumba zinaoza kitako huku majani yamestawi na kukolea kijani, na kama mbolea hiyo inaweza kuingia kwenye kisima chako. Kwa maelezo hayo, kwa sasa usiongeze kitu.

Nalima nyanya na hoho kwenye kitalu upande wa Meru. Dukani wengi watakuuzia kalisi (madini ya kalsiamu) ya kupulizia, lakini mara nyingi kalisi udongoni ipo, ila haifiki kwenye tunda. Inasafiri na maji, na majani yanayopoteza mvuke mwingi yanayavuta kwanza. Ukimwagilia kwa kushtukiza, leo tele kesho hakuna, au ukirundika chumvi za mbolea hadi mizizi inashindwa kunyonya, kitako cha tunda ndicho kinaumia. Amonia na potasiamu zikizidi nazo zinaikaba kalisi.

Fukua kwa mkono chini ya mpira wa matone, ufinye udongo wa kwenye mizizi. Ukichuruzika maji kati ya vidole, unazamisha. Ukishikana bila kuchuruzika, umepatia. Halafu tazama ukingo wa lile duara la unyevu: ukiona utando mweupe, hiyo ni chumvi, na kama si ya maji yako basi ni mbolea uliyoilipia.

Habari ya kisima chako inaingia hapo hapo. Naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka, haing'ang'anii udongo, inateremka na maji. Na ndani ya kitalu mvua hainyeshi, kwa hiyo kinachopita chini ya mizizi umekipitisha mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya vichanga wanaokorogewa maziwa ya kopo; ikizidi, damu yao inashindwa kubeba oksijeni sawasawa.

Mimi nagawa mbolea kidogo kidogo kwenye matone, namwagilia mara kadhaa kwa siku kwa muda mfupi, na matunda yakishaanza kushika napunguza naitrojeni, napandisha potasiamu. Kipimo cha EC, yaani cha kujua wingi wa chumvi kwenye maji, ni kidogo kinaingia mfukoni, nunua. Maji ya mbolea ya nyanya yakisoma kati ya 2 na 3 (mS/cm) nayaacha hivyo hivyo. Samadi ya kuku mbichi usiingize kabisa, chumvi yake ni kali.

Halafu majani laini ya naitrojeni nyingi ndiyo wanayoyapenda inzi weupe, ukipulizia sumu usisahau siku za kusubiri kabla ya kuchuma zilizo kwenye lebo. Mule ndani hakuna mvua ya kuiosha, wala jua kali la kuivunja. Funga neti vizuri, ning'iniza karatasi za njano zenye gundi. Kwa kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya) weka mtego wa harufu ya jike.

Weka hapa picha ya majani ya chini, utaje na mbolea ulizotumia tangu upande. Umwagiliaji unafanya saa ngapi?