Kodi ikirudi na injini ikigonga: kwa fundi anayeanza

Pikapu ya zamani ya petroli imeletwa, taa ya injini inawaka, na dereva analalamika kwamba akipandisha mlima na mzigo injini inalia kama kokoto ndani ya kopo. Usikimbilie kufuta kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Ukifuta, au ukichomoa betri, unapoteza na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: joto, mizunguko, mzigo. Iandike kwanza.

Kodi haikutajii kifaa kilichokufa. P0171 inasema tu kwamba upande mmoja wa injini unapata hewa nyingi kuliko petroli. Wengi hapo hubadili sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi imesema kweli. Mjumbe hauawi.

Fungua kwenye mashine ya kusomea kodi ukurasa wa marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza (+) au kupunguza (-). Tuseme bila kukanyaga mafuta unaona +20%, ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka hadi +4%. Kuna hewa ya wizi inayoingilia kwenye mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Ikiwa kinyume chake, namba inapanda kadiri injini inavyobeba mzigo, kagua pampu, filta ya mafuta na sensa ya kupima hewa.

Mchanganyiko wenye petroli pungufu huzidisha joto kwenye silinda, na hapo ndipo kugonga kunapoanzia. Usiyatibu kama magonjwa mawili kabla hujahakikisha. Kama namba ziko sawa, nenda kwenye valvu ya EGR, inayorudisha moshi kidogo kwenye silinda ili kupunguza joto, hasa ukikuta P0401, kodi ya moshi huo kutopita wa kutosha. Zile zinazofunguliwa kwa vakyumu (mvuto wa hewa) hupimwa kirahisi: injini ikiunguruma taratibu, ivute valvu kwa pampu ya mkono. Injini inatakiwa itetereke au izime. Isipostuka, ama valvu haifunguki au njia zimezibwa na kaboni, na valvu mpya kwenye njia iliyoziba ni hela ya bure.

Petroli yenye oktani ndogo (isiyohimili mgandamizo), taimingi ya cheche iliyotangulia mno na injini kuchemka navyo hugongesha, tena bila kodi yoyote. Muulize dereva alijaza mafuta gani, kuuliza hakugharimu kitu.

Ukishatengeneza, sasa futa. Kodi nyingi husubiri safari mbili kabla ya kuwasha taa, kwa hiyo kuzunguka uani hakutoshi: ipakie mzigo, ipandishe mlima, msaidizi akisoma mashine. Ikiendelea kugonga, mwambie dereva apunguze mzigo na asikanyage sana, maana pistoni huvunjika hivyo.