Mume wangu analala kwenye lori, hizi kadi za hoteli ni za nini?

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tudor. Mume wangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba. Sasa ni mwaka wa nne yuko Ohio, Marekani, kazi ile ile. Pesa hutuma, sina la kumsingizia. Lakini nyumba yetu ya Mtwapa imesimama kwenye lenta tangu mwaka jana, na kila nikiuliza naambiwa "huku mambo magumu".*

*Juzi alikuja likizo. Siku moja akiwa bafuni akanipazia sauti nimsomee namba ya siri iliyotumwa na benki kwenye simu yake. Katika kutafuta ile namba nikaona barua pepe mbili za kadi zake: Hilton dola 550, Marriott dola 95. Miguu ikaniisha nguvu. Nilipomwuliza akacheka, eti hizo ni ada za mwaka za kadi, anapata usiku wa bure na pointi. Shangazi, dereva analala ndani ya lori! Usiku wa bure wa nini? Dada yangu anasema hapo pana mwanamke. Mwenzangu wa kazini anasema hakuna mwanamke, ni ujinga tu wa kutupa pesa. Amesharudi Ohio na mimi silali. Niamini lipi?*

*Mama Watatu, Tudor*

Marahaba, mwanangu.

La dada yako nitalimaliza haraka, maana ndilo linalokukosesha usingizi na ndilo lepesi. Anayelala hotelini Marekani halipi dola 550 kamili. Juu ya bei ya chumba kuna kodi, kwa hiyo hesabu hutoka na vichele vya senti, na mara nyingi huandikwa jina la hoteli pamoja na mji wake. Wewe umeona namba mbili zilizonyooka, na zote mbili nazifahamu. Ni kadi za mkopo zenye jina la hoteli: mtu akinunua nazo hupata pointi, na pointi hulipia chumba. Dola 550 ndiyo ada ya mwaka ya kadi ya Hilton Honors Aspire ya kampuni ya kadi ya American Express tangu mwishoni mwa 2023. Dola 95 ni ada ya Marriott Bonvoy Boundless ya benki ya Chase. Mumeo amekwambia kweli. Tena mwanamume mwenye la kuficha hampi mkewe simu amsomee namba ya benki huku yeye ana sabuni usoni. Dada yako mwambie ahsante, basi.

La mwenzako wa kazini ndilo lenye uzito, na jibu lake ni nusu kwa nusu.

Hii ya dola 95 si ujinga. Kila mwaka ukitimia, mwenye kadi hupewa usiku mmoja katika hoteli ya Marriott ambayo bei yake kwa pointi haizidi 35,000, na akiwa na pointi zake mwenyewe anaweza kuongezea kiasi apate chumba cha bei ya juu zaidi. Chumba cha maana Marekani hupita dola 95 bila taabu. Kwa hiyo akiutumia ule usiku, ada imerudi na chenji juu. Ila usiku huo una mwaka mmoja tu, halafu unapotea, na benki haimgongei mtu mlango kumkumbusha. Faida yao iko kwa wanaosahau.

Ile ya dola 550 ndiyo yenye maneno. Karatasini mumeo ameshinda: dola 400 kwa mwaka za kutumia katika hoteli za mapumziko za Hilton, dola 200 za tiketi za ndege, usiku mmoja wa bure, na cheo cha Diamond kinachokuwekea chumba bora kikiwepo. Jumlisha, umepita 550. Sasa tazama zinavyotolewa. Zile 400 zimekatwa vipande viwili, 200 za Januari hadi Juni na 200 za Julai hadi Desemba, tena si hoteli yoyote ya Hilton bali zile zilizomo kwenye orodha yao ya hoteli za mapumziko. Kipande ambacho hakikutumika hakihamii mbele. Zile za ndege ni dola 50 kila miezi mitatu. Mtu anayekata tiketi ya kuja Mombasa mara moja kwa mwaka atapata 50, zilizobaki zinapeperuka.

Kadi hii imeshonwa kwa mtu wa mikutano na likizo za ufukweni. Dereva anayelala nyuma ya kiti chake kwenye uwanja wa malori, amezima injini, miguu kwenye soksi, Diamond ataivaa wapi? Ingawa namwelewa. Aliyepanga foleni ya Malaba siku na siku, akinywa chai ya kibanda na kusukumwa na askari, kuitwa kwa jina mapokezini na kupewa chumba cha juu ni jambo tamu. Usimcheke kwa hilo. Ila cheo hakiezeki nyumba.

Mpe kipimo hiki: faida ya kadi ihesabiwe kwa bei ambayo mngekubali kuitoa mfukoni hata kama kadi isingekuwepo. Akikwambia "nililala chumba cha dola 600 bure", mwulize bila kadi angekilipia ngapi. Akisema themanini, basi kwenu kina thamani ya themanini. Hapo ndipo wajanja wengi wa pointi hujidanganya, wanapiga hesabu kwa bei iliyobandikwa mlangoni.

Lakini mwanangu, mimi kinachonitia wasiwasi hata si ada. Dola 645 kwa mwaka ni kama dola 54 kwa mwezi. Hizo hazijasimamisha nyumba ya Mtwapa. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, jumla yake ni kama 83,000 kwa mwaka, na fundi yeyote atakwambia hizo si za kuitoa nyumba kwenye lenta hadi kwenye bati. Swali ambalo hukuliuliza ni kama kadi zenyewe zina deni. Riba ya kadi za namna hii Marekani mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Mtu akibeba dola 3,000 mwaka mzima kwa asilimia 22, riba peke yake ni kama 660, imezidi ada za kadi zote mbili, na usiku wa bure hapo haupo, ameulipa mara nyingi. "Huku mambo magumu" huenda ndiko yanakotoka. Wengi walioko ughaibuni huona aibu kulitaja hilo kwa wake zao kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo usianze na Hilton, anza na deni. Mwulize kwa upole: kila mwezi unalipa yote au unalipa kile kiwango cha chini? Kama analipa yote, kaeni mzungumzie kadi. Kama analipa kidogo kidogo, pointi ziwekwe kando kwanza mpaka deni liishe, na kadi isiguswe kwa manunuzi mapya.

Tuseme hana deni. Ya dola 95 abaki nayo, mradi ule usiku uwe na kazi. Na hapa wenzetu hukosea, wanadhani akija nyumbani atawalaza bure Nyali au Shanzu. Hoteli kubwa za pwani yetu nyingi ni za makampuni ya hapa hapa: Sarova Whitesands, Serena, PrideInn. Pointi za Marekani huko hazinunui hata soda. Hata lile jumba la Hilton la mviringo katikati ya Nairobi, ambalo kila aliyepanda basi la usiku analijua, lilifungwa mwishoni mwa 2022. Yenye maana zaidi kwenu ni Four Points by Sheraton pale uwanja wa ndege wa JKIA, ambayo iko chini ya Marriott. Ndege yake ikitua usiku, badala ya kukodi teksi na kusubiri alfajiri, alale pale. Wewe watoto waache kwa bibi yao, panda treni ya saa tisa alasiri Miritini, daraja la kawaida nauli imekuwa shilingi 1,500 tangu mwanzo wa 2024, ushuke Syokimau saa mbili usiku na kitu, uwanja wa ndege hauko mbali. Chumba cha watu wawili, mume hujamwona miezi mingapi? Huo ndio usiku wa bure niujuao mimi. Ila aangalie mapema, bei ya pointi hupanda na kushuka kwa tarehe, na siku nyingine inaweza kupita kile kiwango cha usiku wake wa bure.

Na akiwa hapa akilipa Naivas au dukani kwa kadi hizo, hazikati ada ya fedha za kigeni. Ile mashine ikimwuliza dola au shilingi, abonyeze shilingi. Akibonyeza dola, mashine inampangia bei ya kubadilisha fedha isiyo rafiki.

Ya dola 550 iende. Asiikatekate kwa makasi kwa hasira, maana pointi na usiku aliokwisha kupata viko kwenye akaunti yake ya Hilton na bado ni vyake. American Express wana kadi nyingine ya Hilton isiyo na ada ya mwaka. Apige simu aombe kuhamishiwa huko. Akipiga, huenda wakambembeleza kwa pointi za nyongeza abaki. Akitaka azisikilize, lakini apime kwa kile kipimo chetu, asipime kwa utamu wa sauti ya binti wa simu.

Muda ndio wa kuangalia. Umesema barua pepe uliiona juzi, maana yake ada imekatwa karibuni. American Express hurudisha ada yote mtu akifunga kadi ndani ya siku 30 tangu ifungwe stetimenti, yaani hesabu ya mwezi ya kadi, yenye hiyo ada. Zikipita, asitegemee kurudishiwa yote. Kwa hiyo usingoje simu ya Jumapili. Wakati sisi tunakunywa chai ya saa kumi, Ohio ni asubuhi, kabla hajaingia barabarani. Mwandikie: "Nimeelewa habari ya kadi, samahani kwa maneno ya juzi. Niambie kadi zina deni kiasi gani, na stetimenti ya Hilton imefungwa tarehe ngapi." Habari ya dada yako usiitie humo.