Re: Timu ya Ijumaa inaelemewa na wagonjwa

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umesema timu zenu tatu za madaktari hapo Unguja zinapokezana zamu, lakini ya Ijumaa hulaza wagonjwa wengi hadi raundi ya asubuhi haimaliziki. Kwanza tazama ratiba yenyewe: kila timu imepewa siku zake maalumu za wiki? Sisi tulipokuwa madaktari tarajali ilikuwa hivyo, Ijumaa zote zetu. Tukahamia mzunguko wa siku tatu usiojali siku za wiki: kila timu zamu moja kila baada ya siku tatu. Siku saba za wiki hazigawiki kwa tatu, basi Ijumaa ikazunguka yenyewe kati ya timu. Mgonjwa aliyeruhusiwa karibuni akirudi, tulimrudisha kwa timu inayomjua.

Na tafadhali, makabidhiano ya zamu yafanyeni kitandani kwa mgonjwa, si kwa simu. Dozi nilizoona zikisahaulika zilipotea kwenye makabidhiano ya simu. Ramadhani isogezeni saa ya makabidhiano, isigongane na futari.