Pampu ya pumu: maswali ya wasomaji wa Tanga

Nina pampu ya bluu. Nikivuta naonja uchungu tu, kifua hakifunguki. Nimeuziwa feki? (Ngamiani)

Kabla ya kuishuku dawa, jitazame kwenye kioo wakati unavuta. Ukiona kimoshi cheupe kikitoka puani au pembeni mwa midomo, dawa haifiki mapafuni, hata kama ni nzima. Wengi wanaolalamikia pampu tatizo lao ni hili.

Vua kifuniko, uchungulie kama hakuna uchafu uliojificha ndani. Kaa wima au simama, tikisa pampu vizuri, kisha toa pumzi nje taratibu, pembeni, si ndani ya pampu. Weka mdomo wa pampu katikati ya meno, ufumbe midomo kuizunguka. Sasa anza kuvuta pumzi polepole kwa mdomo, na hapo hapo ubonyeze mara moja tu, huku ukiendelea kuvuta kwa sekunde 3 hadi 5. Ukivuta kwa pupa, dawa inagonga koo na kubaki huko. Uchungu unaouonja ndio huo. Zuia pumzi hadi sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Kwa mpulizo wa pili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, utikise tena. Wanaobonyeza mara mbili kwa pumzi moja wanapoteza dawa.

Pampu mpya, au iliyolala siku nyingi bila kutumika, pulizia kwanza hewani mara 2 hadi 4, kama karatasi yake inavyoelekeza.

Mwanangu wa miaka 6 hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. (Chumbageni)

Hata watu wazima wengi hawawezi. Suluhisho ni chombo cha kuvutia dawa, kinachokaa kati ya pampu na mdomo, na kama hukipati dukani, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafaa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki itanasa dawa. Pasha moto waya mnene, utoboe kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, dogo kidogo kuliko mdomo wenyewe. Chomeka pampu plastiki ikiwa bado ya moto ili ibane, na penye upenyo ziba kwa gundi, iache ikauke kabisa.

Mtoto anafumba midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, naye avute na kutoa pumzi za kawaida mara 4 hadi 6 humo humo. Ndipo ubonyeze tena. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kufumba midomo vizuri, omba kliniki chombo chenye barakoa.

Vidonge vya salbutamoli si vilevile, tena bei rahisi? (Pongwe)

Dawa ni ileile iliyomo kwenye pampu ya bluu, njia ndiyo tofauti. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa mara 20 ya mipulizo 2 ya maikrogramu 100. Inazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani, ndiyo maana mikono inatetemeka zaidi na moyo unakwenda mbio. Tena inachelewa, ilhali pampu hufungua ndani ya dakika chache. Ukibanwa, usitegemee kidonge.

Nitajuaje imekwisha? Nikiitikisa bado inalia majimaji. (Mwendesha bajaji, Makorora)

Mlio utakudanganya. Gesi ya kusukuma hubaki hata dawa inapokwisha, hivyo itafuka na isikusaidie. Wala usiitie majini kupima. Pampu nyingi zina mipulizo 200; kama haina kihesabio, andika tarehe ya kuanza na uweke alama kila unapovuta. Na usiiache juu ya dashibodi: mkebe huo una mgandamizo, unatakiwa ukae chini ya nyuzi 30. Kila wiki chomoa mkebe, osha kile cha plastiki tu kwa maji ya uvuguvugu, kikauke usiku kucha.

Nikivuta mchana wa Ramadhani, nimefungua? (Msambweni)

Wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo muulize shekhe wako mapema, si siku ya kubanwa. La kwetu ni la kifua: pampu ya kinga, inayovutwa asubuhi na jioni, ivute wakati wa daku na baada ya futari, usukutue na kutema. Ukibanwa mchana, vuta ya bluu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Naivuta kila siku, hata usiku naamka. Ni sawa? (Bila anwani)

Hapana. Ya bluu hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache. Uvimbe wa ndani unabaki palepale. Ukiihitaji zaidi ya siku 2 kwa wiki, au ukiamka usiku, nenda kliniki upangiwe dawa ya kinga. Angalia na udi unaofukizwa chumbani, moshi wa kuni, na vumbi la mkonge au saruji kazini.

Ukizidiwa, kaa wima, vuta mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika, usizidi mipulizo 10, kwa chupa ukiwa nayo. Usipopata nafuu, ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, wakukimbize hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu zaidi, pampu ikiwa mkononi.