Kuonja mvinyo na kuutema katika kikao cha marafiki: nini hukumu yake?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, wafanyakazi wenzangu wasio Waislamu wana klabu yao ya kuonja mvinyo, na hukutana jioni nyumbani kwa mmoja wao. Chupa huviringishwa karatasi ili jina lisionekane, kila mtu humiminiwa kidogo, akatazama rangi, akanusa, akausukutua mdomoni, kisha akautema kwenye ndoo na kuandika alama. Nilihudhuria jioni moja, nikaonja na kutema bila kumeza, nikijiambia kwamba hata aliyefunga huonja mchuzi na kuutema na saumu yake ikabaki salama. Je, nina dhambi? Na je, naweza kuendelea kwenda, ninywe juisi tu na kuwaandikia alama zao?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu yangu katika imani, umefanya vyema kuuliza kabla hujarudi huko, kwa kuwa kikao cha namna hii kina sura ya utulivu na ustaarabu, hakina kelele wala mlevi anayeyumba, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba pasipo kulewa hapana haramu.

Kipimo ulichokitumia hakisimami. Ni kweli kwamba Ibn Abbas (r.a.) alisema hapana ubaya kwa aliyefunga kuonja kilichomo chunguni, na wanazuoni wameliruhusu hilo kwa mwenye haja, lakini chakula kile asili yake ni halali, na alichozuiwa mtu ni kukifikisha tumboni kabla ya jua kuzama. Mvinyo haukuharamishwa kwa saa fulani wala kwa njia moja tu ya kuutumia. Allah Mtukufu, katika Suratul Maida aya ya 90, ameutaja ulevi pamoja na kamari, akaviita uchafu katika kazi ya Shetani, kisha akaamrisha tujiepushe navyo, na amri hiyo ni pana kuliko kukatazwa kunywa. Mtu aliyeujaza mdomoni na kuuzungusha taratibu ili ulimi usikose hata chembe ya ladha yake, tutasemaje kwamba amejiepusha nao? Naye Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Jabir, kwamba kile ambacho kingi chake hulevya, kichache chake ni haramu. Zaidi ya hayo, anayetema hatemi chote: kiasi fulani hushuka kooni pamoja na mate, na kileo chenyewe hupenya katika ngozi laini ya ndani ya mdomo. Tena kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imam Shafi, mvinyo ni najisi, kwa hiyo mdomo ulipaswa kuoshwa kwa maji kabla ya kusimama katika swala.

Ama kuhudhuria ukiwa na glasi ya juisi, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushiwa pombe. Katazo hapa limekusudia kukaa kwenyewe, hata kama mkononi mwako mna maji. Na juu ya kuandika alama, Hadithi ya Anas (r.a.) inaeleza kwamba katika pombe wamelaaniwa watu kumi, miongoni mwao anayeikamua, anayeibeba, anayeimimina na anayeiuza, ingawa hao huenda wasionje hata tone. Sisemi kwamba mwandishi wa alama ametajwa humo. Lakini kazi yake ni kuwasaidia wenzake kuchagua mvinyo ulio mtamu zaidi, na Suratul Maida aya ya 2 inatukataza kusaidiana katika dhambi.

Anas huyo huyo ana kisa ambacho napenda ukitafakari sana, kwa kuwa nacho ni cha kikao cha marafiki nyumbani. Alikuwa akiwamiminia watu kinywaji cha tende nyumbani kwa Abu Talha, ndipo ikasikika sauti ya mtangazaji kwamba pombe imeharamishwa. Abu Talha akamwambia atoke akaimwage, naye akaimwaga, ikatiririka katika njia za Madina. Wale walikuwa watu waliokuwa wameizoea, na vyombo vilikuwa vimekwisha kujazwa, lakini hakuna aliyeomba walau amalizie kilichokuwa mkononi.

Kwa jioni iliyopita, leta toba ya kweli: juta, acha, na uazimie kutorudia. Usiache swala hata moja kwa kuiogopa ile Hadithi inayosema kwamba mnywaji hakubaliwi swala yake siku 40, kwani wanazuoni wamefafanua kwamba kinachokosekana hapo ni thawabu, wajibu wa kuswali unabaki palepale, na Hadithi yenyewe inasema kwamba akitubu Allah humkubalia.

Wenzako usiwakate. Suratul Mumtahana aya ya 8 haitukatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Waambie kwa upole, bila kuwahukumu, kwamba dini yako haikuruhusu kukaa penye mvinyo, kisha waalike siku nyingine nyumbani kwako uwakirimu kwa chakula na vinywaji vya halali.

Wallahu aalam.